Kornelio Mseti wa Turwa na Vifaru Vyake vya Ukubwa wa Ukucha

Baba Padri, wazee wetu shikamooni, mama zetu, ndugu zetu mliotoka Genkuru na majirani zetu wa hapa Turwa, poleni na msiba, na poleni na jua. Mimi ni Method Kisyeri, mdogo wake marehemu, niliyezaliwa nyuma yake kwa mama mmoja, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake leo Jumamosi, tarehe 16 Agosti 1958, kabla hatujamlaza, ikanionya pia nisirefushe, nami nimesikia na nitajaribu, lakini mtu aliyeishi miaka arobaini na mmoja hawezi kumalizwa kwa muda wa kumenya viazi.

Marehemu Kornelio Mseti Kisyeri alizaliwa Genkuru, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu baba yetu, Mzee Kisyeri Nyangwine, na mama yetu Nyangi, ambaye namshukuru Mungu tunaye hapa, amekaa pale karibu na mlango. Cheti cha ubatizo kinasema alizaliwa tarehe 3 Machi 1917, tarehe ambayo padri wa wakati ule aliikadiria kwa kuuliza habari za njaa na mvua, na mama aliikubali kwa sababu hakuwa na nyingine ya kumpa. Alikuwa mtoto mtulivu, mwenye macho ya kuangalia kitu kimoja muda mrefu mpaka mtu ukadhani amelala, na mama anasema kwamba akiwa mdogo aliweza kukaa asubuhi nzima akitazama siafu wakivuka njia, bila kuwagusa na bila kuumwa, wakati sisi wengine tuliumwa hata kwa kupita mbali.

Alianza shule ya misheni mwaka 1927, akabatizwa mwaka 1930 na kupewa jina la Kornelio, na alimaliza darasa la nne mwaka 1931, akiwa na uwezo wa kuendelea, ila ng'ombe wa baba walikuwa hawana mchungaji, mimi nikiwa bado mdogo, kwa hiyo akaacha daftari akachukua fimbo. Huko malishoni alifanya yale yanayofanywa na watoto wote wa kwetu, alifinyanga ng'ombe wa udongo, madume na majike na ndama, akawajengea zizi la vijiti, na ninakumbuka kwamba wa kwake walikuwa na kwato, wakati wa kwetu walikuwa na miguu tu. Mwaka 1935 aliingia jandoni katika esaro, yaani msimu wa tohara, ya rika lake, akasimama kisu kikapita bila kupepesa jicho, na siku aliyotoka aliwaacha ng'ombe wa udongo kule kule malishoni kama desturi inavyotaka, maana mwanamume haendelei kufinyanga.

Ndoa nitaitaja kabla ya kazi kwa sababu ilitangulia. Tarehe 19 Juni 1937 alimwoa Agustina wa Nyamwaga, ndoa iliyobarikiwa kanisani, na Mungu aliwajalia watoto wanne, Waitara aliyezaliwa mwaka 1938, Esta wa mwaka 1947, Regina wa mwaka 1950, na kitindamimba Joram wa mwaka 1953. Mkiona pengo kati ya Waitara na Esta, pengo hilo ni vita.

Mwezi Februari 1941 marehemu alijiunga na Keya, jeshi la Waingereza, akapelekwa Nairobi akafundishwa kuendesha lori, kutoka hapo akapelekwa kisiwa cha Seiloni, na mwaka 1944 akafika Burma, nchi ambayo alituambia kwamba ina mvua kuliko mvua na matope kuliko matope. Huko alifuatana na Simoni, mwenyeji wa Ikoma, ambaye naye yuko hapa, na wawili hao, Mkurya na Mwikoma, walikuwa wakitaniana kwa habari za ng'ombe walioibiwa na babu zao tangu Nairobi mpaka walipopanda meli ya kurudi. Siku moja lori lao lilizama matopeni, likavutwa na lile gari la vita la chuma linalotembea kwa minyororo badala ya magurudumu, ambalo askari waliliita kifaru, na kwa kuwa lilikuwa limewasaidia wao, mkubwa wao akawaamuru waende kulitoa tope kwenye minyororo, kazi waliyoendelea kupewa mpaka msimu wa mvua ulipokwisha. Kwa hiyo ndugu yangu hakukijua kifaru kwa kukiona kikipita, alikijua kwa kulala chini yake na kijiti mkononi, pingili moja baada ya nyingine, gurudumu moja baada ya jingine.

Alirudi nyumbani mwezi Mei 1946, mzima, mwembamba, na koti la jeshi ambalo mama alilikata mara moja akawashonea wajukuu. Mwaka 1947 alihamia hapa Turwa, akafungua kibanda cha kutengeneza baiskeli karibu na soko la Tarime, na nadhani hakuna mwenye baiskeli katika umati huu ambaye hajawahi kusukuma baiskeli yake mpaka kwa Mseti, akaambiwa aiache aje kesho, na kesho yake akaikuta imekwisha kweli, jambo ambalo kwa mafundi si la kawaida, na wenzake waliopo hapa watanisamehe.

Sasa nimefika mahali ambapo baadhi ya ndugu walinishauri jana nipite kimya kimya. Nimewasikia, nawaheshimu, lakini historia ya Mseti isiyo na vifaru ni historia ya mtu mwingine aliyefanana naye, na mimi sikuja kumzika huyo.

Ilianza mwezi Agosti 1948. Alikuwa anakata kipande cha mkebe wa mafuta ili azibe madigadi iliyopasuka, kikabaki kipande kidogo, akakikunja, kikawa kijisanduku cha ukubwa wa punje ya hindi, akakitazama, akakunja kingine kidogo zaidi akakiweka juu, akavunja ncha ya sindano akaichomeka mbele kama mzinga, na siku hiyo wateja walinung'unika mpaka jioni kwa sababu hakugusa baiskeli nyingine. Kile cha kwanza alikitupa, akasema hakina sura. Akaanza upya, na tangu siku hiyo, kwa miaka saba, kila alipofunga kibanda alikaa mlangoni mwa nyumba yake, kwenye mwanga, na kioo cha tochi mbovu alichokifunga kwa waya mbele ya jicho, akitengeneza vifaru ambavyo kimoja kizima kilikaa juu ya ukucha wa kidole gumba na bado ukucha ukaonekana pembeni. Kisu chake kilikuwa spoku ya baiskeli aliyoinoa kwenye jiwe, gundi yake ilikuwa utomvu wa mgunga aliouchanganya na solusheni ya kuzibia mipira, rangi ilikuwa mabaki ya rangi ya baiskeli yaliyotiwa majivu. Kila kimoja kilikuwa na kifuniko juu cha kuingilia askari, na kifuniko kilifunguka. Kila kimoja kilikuwa na minyororo myeusi pande zote mbili, na ukikisukuma kwa ncha ya kidole minyororo ilizunguka kweli.

Kwa mwaka alimaliza viwili au vitatu. Kuna kimoja alikivunja baada ya miezi kwa sababu alikumbuka, akiwa kanisani, kwamba gurudumu la nyuma lilikuwa juu kuliko alivyoliweka, na nilipomwambia kwamba katika wilaya nzima hakuna mtu atakayejua, alinijibu kwamba yeye anajua, akaendelea kula.

Watu walisema mengi. Walisema vita vimemwingia kichwani, walisema analilia wenzake waliokufa, katekista alimwombea mara mbili bila kuombwa. Mimi mwenyewe nilimwuliza, kwa sababu nilikuwa na wasiwasi, na alinieleza kwa upole kwamba vita havimtaki wala yeye havitaki, kwamba huko Burma aliogopa kama kila mtu na sasa haogopi, ila kile kitu kilikuwa kikubwa mno, hukuweza kukiona chote kwa mara moja, ukiwa chini yake unaona tumbo, ukiwa pembeni unaona upande, na yeye alitaka kukiona chote. Akasema pia kwamba wakati wa kuweka kile kifuniko cha juu lazima mtu azuie pumzi, na katika muda ule wa kuzuia pumzi hakuna shida yoyote duniani inayoweza kuingia. Hayo ndiyo yalikuwa maelezo yake, na sikuwahi kupata mengine.

Mwaka 1955 ukoo ulitangaza esaro ya mwezi Desemba. Waitara alikuwa na miaka kumi na saba, wenzake wote wa rika walikuwa wanajiandaa, na wazee mnajua, ila nawaeleza wageni waliotoka mbali, kwamba kwetu baba ndiye anayemtoa mwanawe, anasimama mbele ya wazee anasema huyu ni wangu, mpokeeni. Tarehe 8 Oktoba wazee walikaa baraza, iritongo, kule Genkuru, nami nilikuwapo, na Mzee Mwikwabe aliyekuwa mkubwa wa baraza alisimama akasema kwamba habari za vitu vidogo vya Mseti zimefika kwao, kwamba anayefinyanga bado yuko malishoni na watoto, na kwamba mtu ambaye hajatoka utotoni hawezi kumtoa mwingine. Kwa hiyo ama Mseti aviondoe vitu hivyo nyumbani kwake, ama Waitara asubiri esaro nyingine, miaka mingapi haijulikani, aje asimame na wadogo zake, na hadi siku hiyo aitwe mtoto na wale aliochunga nao, asikae nao, asile nao, asioe. Baadhi ya watu walicheka. Mzee Mwikwabe hakucheka, na nataka hilo lijulikane, alisema kwa uchungu, kwa sababu alimjua Mseti tangu anatambaa na alimwonea haya kama mtu anavyomwonea haya mtoto wake mwenyewe.

Ndugu yangu angeweza kubishana. Angeweza kusema kwamba alisimama mbele ya kisu, kwamba alikwenda Burma akarudi, kwamba ana mke na watoto na kazi ya mikono yake, na mimi nilikuwa nimekwisha kunyanyuka niseme hayo kwa niaba yake, akanivuta shati nikakaa. Alisimama, akasema kwamba mwana ni mkubwa kuliko kazi yoyote ya mikono, kwamba vitatoka nyumbani kwake kabla ya Jumapili, na kwamba maadamu yuko hai hatatengeneza kingine. Hilo la mwisho wazee hawakuliomba. Wao walitaka vitoke nyumbani tu, yeye ndiye aliyeongeza, kwa sababu hakuwahi kufanya jambo nusu.

Alivipanga ndani ya mkebe wa tumbaku, akavitenganisha kwa pamba, akapanda baiskeli akaenda navyo mpaka Manchira, karibu na Mugumu, kwa rafiki yake Simoni, ambaye wazee wetu hawana amri nyumbani kwake, akamwomba amtunzie. Simoni anasema alikunywa maji, akala, wakataniana kidogo, akaondoka bila kugeuka.

Mwezi Desemba Waitara alisimama kama baba yake alivyosimama, na nilimwona ndugu yangu akiliambia baraza huyu ni wangu, mpokeeni, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nilifurahi siku ile kuliko siku ya harusi yangu mwenyewe, mke wangu atanisamehe. Waitara, baba yako hakujutia uamuzi ule hata mara moja, nakwambia hapa mbele ya watu ili usije ukabeba mzigo usio wako.

Lakini nitasema na upande wa pili, kwa sababu nao ni maisha yake. Wengi walisema kwamba Mseti amepona. Mimi nilikula naye mara nyingi katika miaka iliyofuata, nikaona jinsi alivyokata tonge la ugali, vidole vikaanza kulibana huku na huku, likapata pembe nne, likaanza kupata kichwa juu, halafu akagundua, akalivuruga, akalichovya kwenye mchuzi akala. Hakulalamika. Ni kwamba aliporudi kutoka kibandani alikaa pale pale mlangoni kwenye mwanga, mikono magotini, akiutazama uwanja, na watu waliopita walimsalimia wakidhani anapumzika. Iliniuma kuliona, na inaniuma kulisema.

Ugonjwa wa kifua ulianza mwezi Januari 1957. Alitibiwa hapa Tarime, kisha mwezi Septemba alipelekwa hospitali ya Shirati, akalazwa mpaka Februari mwaka huu, akarudi na nafuu, akafungua kibanda tena kwa wiki chache, halafu nguvu zikamwacha. Mwezi Juni Simoni alikuja kumwona kutoka Manchira, na bila kuombwa na mtu alikuja na ule mkebe wa tumbaku, kwa sababu, alituambia, Waitara sasa ni mwanamume kamili na hakuna awezaye kumrudisha utotoni. Marehemu alikubali ufunguliwe, akaomba vipangwe juu ya meza ndogo mahali anapoweza kuviona akiwa amelala. Kimoja kilikuwa kimelala ubavu kwa sababu ya safari. Mkono wake ulifika mpaka mezani bila shida, lakini hakukigusa, alimwomba Agustina akisimamishe, kwa sababu alikuwa ametoa neno lake kwamba hatatengeneza, na hakuwa na hakika kama kusimamisha ni kutengeneza.

Alipokea sakramenti tarehe 10 mwezi huu mikononi mwa Baba Padri, na jana Ijumaa, tarehe 15 Agosti 1958, alfajiri, nyumbani kwake hapa Turwa, akiwa na mke wake na Waitara, alipumua kwa mara ya mwisho kimya kimya, hata Agustina alichelewa kujua. Ameacha mjane, watoto wanne, mama yake mzazi, na sisi ndugu zake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Tarime na wa Shirati, waliompigania kwa uvumilivu na kumwita kwa jina lake. Tunawashukuru majirani wa Turwa kwa maji, kuni, unga na kwa kukesha nasi, mafundi wenzake wa sokoni waliofunga vibanda vyao leo na waliochimba kaburi tangu jana jioni, Baba Padri na wanakwaya, na ndugu yetu Simoni wa Manchira, ambaye kuanzia leo utani wa ng'ombe amalizane na mimi.

Wa mwisho ninayemshukuru ni Mzee Mwikwabe, na lazima niseme kwa nini.

Jana alasiri alifika kutoka Genkuru akiwa juu ya lori la pamba, katika umri wake, akaingia ndani, akalia kama wazee wanavyolia, akakaa kwenye kiti karibu na marehemu. Baada ya muda macho yake yakaenda kwenye ile meza ndogo. Akauliza ni nini, na Waitara akamjibu kwa heshima kwamba ni vile, ndipo sote tulipotambua kwamba mzee alikuwa hajawahi kuviona, na kwamba siku ile ya baraza hakuna hata mmoja aliyeomba vioneshwe. Aliomba kimoja, Waitara akamwekea kiganjani, akaenda nacho mlangoni kwenye mwanga, akakisogeza karibu na jicho, akakisukuma kwa ncha ya kidole. Minyororo ikazunguka. Akakisukuma tena. Akageuka akatuuliza, hii minyororo Mseti aliifanya kwa kitu gani, na sisi wanaume, ndugu wa damu na rafiki wa vita, tukatazamana, hakuna aliyejua.

Agustina alijibu akiwa amekaa chini pale pale alipokuwa. Alisema ni yeye aliyeisuka, yote, kwa sababu vidole vya mume wake vilikuwa vimekuwa vinene kwa spana, na kwamba ameisuka kwa singa za mkia wa ng'ombe, nyeusi, ngumu, zisizokatika, za dume la Mzee Mwikwabe mwenyewe, ambazo kila alipokwenda Genkuru kuwasalimia wakwe zake alizichambua moja moja kwenye miiba ya boma la mzee, pale ng'ombe wanapojikuna wakitoka, na kwamba singa za boma jingine walizijaribu, hazikufaa.

Mzee alibaki amesimama mlangoni na kile kifaru kiganjani. Alikaa hivyo mpaka mtu mmoja akamletea kiti, hakukikalia. Kisha akasema, akimwangalia marehemu na si sisi, kwamba Mseti angekuja tu kumwomba, angemkatia mkia mzima.

Kaka yangu Mseti, umeyasikia. Pumzika kwa amani.